Kadi Mkononi, Dirisha Tupu: Historia Fupi ya Bima na Ushindani Nyanda za Kati

Kuna sentensi moja ya Kiswahili ambayo hakuna mshairi aliyeitunga, lakini kila Mtanzania aliyewahi kuugua anaifahamu kwa moyo: "Dawa hii hatuna, kanunue nje." Maneno matano tu. Hutamkwa dirishani, mara nyingi bila hasira na bila huruma, na anayeambiwa huwa ameshapita kote: ameshajiandikisha, ameshakaa kwenye benchi, ameshamwona daktari, ameshatoa damu maabara. Imebaki dawa. Na dawa ndiyo haipo.

Makala hii inataka kusimulia historia ya sentensi hiyo huku kwetu nyanda za kati, yaani Dodoma na jirani zake Singida na Tabora. Najua wengine mtashangaa. Gazeti la waandishi chipukizi na habari za bima wapi na wapi? Subirini kidogo, vijana wenzangu. Ukitaka kujua nchi imepitia nini, usiishie kwenye hotuba za uhuru. Kaa karibu na dirisha la dawa usikilize.

Juu ya dirisha hilo huwa panabishaniwa maneno mawili makubwa: bima na ushindani. Wakubwa wakipanda jukwaani husema bima itamaliza tatizo la gharama. Wachumi wa soko huria nao husema waacheni wenye hospitali washindane, huduma itang'ara na bei itashuka yenyewe. Kila mmoja ana ukweli wake. Lakini nyanda za kati zimeyajaribu yote mawili kwa zaidi ya miaka thelathini, na jibu lililopatikana huku ni la aina yake. Twende nalo polepole.

Bima kabla ya kadi

Neno bima tumelipata kutoka mashariki, ng'ambo ya bahari. Asili yake ni Kiajemi, na shina lake huko lina maana ya hofu. Sasa hofu sisi tulikuwa nayo tele kabla neno halijafika. Ugogo ni nchi ya mvua haba, msimu mmoja kwa mwaka, na msimu huo ukikosea njia mambo huharibika. Kwa hiyo mfugaji wa Kigogo hakuwa mjinga wa kuweka ng'ombe wake wote katika zizi moja. Aliwagawa kwa marafiki na ndugu wa vijiji vya mbali. Aliyepokea alikunywa maziwa na kutumia samadi, mwenye mali akabaki mwenye mali. Ugonjwa ukiingia kijiji kimoja, au malisho yakikauka upande mmoja, mtu hakufilisika. Peter Rigby, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Ugogo miaka ya sitini na kuchapa kitabu chake mwaka 1969, ameyaeleza mambo haya kwa urefu.

Hiyo ni bima kamili, bwana, imekosa karatasi tu. Lakini nayo ilikuwa na kikomo chake. Vita Kuu ya Kwanza ilipopita huku, majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Kisha mvua ikakata. Ikaja njaa ambayo wazee waliiita Mtunya, kati ya mwaka 1918 na 1920, na homa ya mafua ya dunia nzima ikapita humohumo. Rafiki wa kijiji cha mbali naye alikuwa amekumbwa. Janga linalowapata watu wote kwa pamoja huvunja bima ya duara dogo, hata kama wana-duara wanapendana vipi. Tulitunze somo hili, tutalihitaji mbele.

Enzi za bure

Dawa za kizungu ziliingia nyanda za kati na wamisionari. Mwishoni mwa miaka ya 1870 Daktari Edward Baxter wa CMS alikuwa tayari Mpwapwa. Baadaye zikaja hospitali za misheni ambazo majina yake yamekuwa sehemu ya ramani yetu: Mvumi na Kilimatinde za Waanglikana, Makiungu ya masista Wakatoliki huko Singida, na mwishoni mwa miaka ya 1980 Mtakatifu Gaspar ya Itigi. Upande wa serikali, Dodoma mjini palikuwa na hospitali ya mkoa ambayo mpaka leo wenyeji wanaiita General, na hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, matibabu yakawa haki ya mwananchi. Hospitali za serikali zilitibu bure, na zahanati zikasambazwa mpaka vijijini. Mwaka 1977 sheria ikapiga marufuku kuendesha hospitali binafsi kwa ajili ya faida. Mashirika ya dini yaliruhusiwa kuendelea. Kwa hiyo kwa miaka kama kumi na minne ushindani wa kibiashara katika tiba haukuwepo kisheria, na bima haikuwa na kazi, maana bili haikuwepo.

Tusiwadharau wazee wa enzi zile. Mtoto wa mkulima wa Chamwino alichanjwa bila kuulizwa baba yake ana shilingi ngapi. Lakini bure nayo ina anayeilipa, na anayelipa akiishiwa, bure inageuka hewa. Ulipofika mwanzo wa miaka ya themanini, baada ya vita vya Kagera na bei ya mafuta kupanda, nchi ilikuwa haina fedha za kigeni. Dawa za zahanati za vijijini zikawa zinakuja kwa msaada wa Denmark, zimefungwa katika makasha: kila zahanati kasha lake, vitu vilevile, idadi ileile, mwezi baada ya mwezi. Kijiji chenye malaria nyingi kilipata kasha sawa na kijiji chenye malaria chache. Dawa ya malaria ilipoisha, iliisha, na nyingine ambayo haikuhitajika ikabaki inakodoa macho kabatini. Mganga wa zahanati hakuwa na fedha wala ruhusa ya kuagiza alichopungukiwa. Hapo ndipo ile sentensi yetu ilipoota mizizi, ingawa ilikuwa na mzaha mchungu ndani yake, kwa sababu huko "nje" kwenyewe maduka yalikuwa machache na matupu.

Ruksa, halafu lipa

Mwaka 1991 sheria ilirekebishwa, na madaktari wakaruhusiwa tena kufungua hospitali zao. Ilikuwa zama za Mzee Ruksa na kila kitu kilikuwa ruksa. Mwaka 1993 serikali ikaanzisha uchangiaji wa gharama katika hospitali zake, kwanza zile kubwa, kisha ikashuka hatua kwa hatua. Mwaka huohuo ikatungwa sheria ya kuanzisha Bohari ya Dawa, shirika la serikali la kununua na kusambaza dawa kwa vituo vya umma, nayo ikaanza kazi mwaka 1994. Ndani ya miaka mitatu hivi, mgonjwa alikuwa amegeuka mteja.

Hoja ya uchangiaji ilikuwa hivi: mtu akilipa kidogo hatakimbilia hospitali kwa kila kikohozi, na kile anacholipa kitanunua dawa. Nusu ya kwanza ya hoja ilishapimwa Marekani. Kati ya mwaka 1974 na 1982 taasisi ya RAND iliziwekea familia maelfu bima za aina mbalimbali, nyingine zikitibiwa bure na nyingine zikichangia. Waliochangia walipunguza kweli kwenda kwa daktari. Kasheshe ni kwamba walipunguza ziara za lazima na zisizo za lazima kwa pamoja, kwani mgonjwa hana darubini ya kujua kikohozi kipi ni mafua na kipi ni kifua kikuu. Wengi hawakudhurika. Lakini masikini wenye shinikizo la damu walipata nafuu zaidi wakitibiwa bure.

Huku kwetu serikali iliweka misamaha: wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, wazee, wenye maradhi sugu kama kifua kikuu na ukoma. Kwenye karatasi ilipendeza. Dirishani, msamaha ulikuwa ni haki ya kupewa bure kitu ambacho hakipo. Kabwela aliyesamehewa na kigogo asiyesamehewa waliambiwa maneno yaleyale matano. Tofauti ni kwamba kigogo alikwenda nje akanunua.

Kadi ya mkulima na kadi ya mfanyakazi

Mwaka 1996 macho ya wizara yakaelekea Igunga, mkoa wa Tabora, kwenye mbuga za pamba na ng'ombe. Huko ndiko Mfuko wa Afya ya Jamii, ambao watu wengi wanauita kwa herufi zake za Kiingereza CHF, ulikoanza kujaribiwa. Kaya ililipa shilingi 5,000 kwa mwaka ikatibiwa bila kulipa tena. Kwa kila shilingi ya mwanakijiji, serikali kwa fedha za Benki ya Dunia iliongeza nyingine, na mpango huo ukaitwa jina zuri sana la Kiswahili: tele kwa tele. Singida Vijijini nayo ikaingia mapema. Mwaka 2001 Bunge likautungia mfuko sheria yake.

Upande wa wafanyakazi, sheria ya mwaka 1999 iliunda Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, nao ukaanza kazi Julai 2001 kwa watumishi wa serikali. Mtumishi alikatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri akaongeza asilimia 3, na kadi ikamhusu yeye, mwenzi wake na wategemezi wanne.

Tazama tofauti ya kadi hizi mbili. Mfanyakazi alikatwa, apende asipende, mzima na mgonjwa wote pamoja, nchi nzima. Duara lake lilikuwa kubwa. Mkulima aliombwa, na duara lake lilikuwa wilaya moja, ambamo mvua ikikosekana inakosekana kwa wote. Mtunya ule ule, kwa sura nyingine. Kisha mkulima huyu ana akili zake. Baada ya mavuno anakaa chini anapiga hesabu: "Mwaka jana nililipa. Mke wangu alikwenda mara tatu, mara mbili akaambiwa akanunue nje. Nalipia nini?" Anaacha. Wanaobaki ni wale ambao tayari wana mgonjwa nyumbani. Mfuko unatumia zaidi ya unachokusanya, dawa zinapungua tena, na mwakani wanaacha wengine. Watu wa mabaraza walisema wananchi hawana mwamko wa bima. Mwamko walikuwa nao. Walichokosa ni dawa.

Palikuwa na ufa mwingine. Kadi ya zamani ya CHF mara nyingi ilitumika katika kituo kimoja tu alichojiandikisha mtu. Fedha zilishikwa na halmashauri ileile yenye zahanati. Yaani aliyekuuzia ahadi, aliyekutibu na aliyekagua kama umetibiwa vizuri alikuwa mtu mmoja aliyevaa kofia tatu. Mwenye kofia tatu hajipigi faini.

Waacheni washindane?

Sasa tuwasikilize watu wa soko. Wanasema: mpeni mgonjwa kadi inayokubalika kila mahali, atakwenda kwenye huduma nzuri, na kituo kibovu kitajirekebisha au kitafunga. Hoja hii ina ushahidi, ila ushahidi wenyewe una masharti.

Uingereza imeujaribu ushindani wa hospitali mara mbili. Mwaka 1991 iliruhusu hospitali za umma zishindane, na bei zikapatanwa kati ya hospitali na mnunuzi. Mchumi Carol Propper na wenzake walipochunguza baadaye walikuta kwamba mahali penye ushindani mkali foleni zilifupika, lakini vifo vya wagonjwa wa mshtuko wa moyo viliongezeka. Foleni inaonekana na kila mtu, ubora wa ndani ya wodi hauonekani, basi hospitali zikang'arisha kinachoonekana. Rahisi huvunja upishi. Mwaka 2006 ushindani ulirudi kwa sura nyingine: mgonjwa achague hospitali, lakini bei iwe moja iliyopangwa na serikali. Safari hii Propper na watafiti wengine walikuta vifo vimepungua haraka zaidi mahali palipo na hospitali za kuchagua, ingawa wapo wataalamu waliobishana nao. Fundisho ni jepesi kulieleza: bei ikiachwa wazi watu hushindana kwa bei na ubora huibiwa gizani, na bei ikifungwa hubaki kushindana kwa ubora.

Leteni fundisho hilo Dodoma. Mfuko wa Taifa unapanga bei zake, kwa hiyo sharti moja limetimia. Mjini pana pa kuchagua: kuna General, kuna kituo cha Makole, kuna za misheni na za binafsi, na tangu mwaka 2015 kuna hospitali ya Benjamin Mkapa pale Chuo Kikuu. Mtumishi mwenye kadi asiporidhishwa huku anahamia kule.

Toka nje ya mji sasa. Nenda Chemba, nenda Bahi, nenda vijiji vya Manyoni ambako kutoka zahanati moja hadi nyingine ni mwendo wa kuchosha punda. Hapo mjamzito atachagua nini? Zahanati ni moja. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na hospitali ya mbali haiwezi kuishindanisha zahanati ya karibu. Ushindani wa kugombea wagonjwa unahitaji wagombanaji wawili, na sehemu kubwa ya nyanda za kati haina wawili. Ukihubiri soko huria la tiba kijijini namna hiyo, unampiga mwananchi changa la macho.

Mshitiri wa Dodoma

Basi ndugu msomaji, hapa ndipo mkoa wetu ulipofanya jambo ambalo halisimuliwi sana, pengine kwa sababu halina shujaa wala kaburi.

Kuanzia mwaka 2011 mkoa wa Dodoma, kwa msaada wa Uswisi, uliijenga CHF upya, ikaja kuitwa CHF Iliyoboreshwa. Ile kofia ya tatu ikavuliwa: anayekusanya fedha na kulipa madai akatengwa na anayetibu. Kadi ikatumika katika vituo vingine pia, si kile kimoja tu. Waandikishaji wakapita kijijini na simu za mkononi wakiwapiga picha wanachama, na taarifa zikaingia katika mfumo wa kompyuta uliotengenezwa kwa ajili hiyo na kuanza kutumika mwaka 2012. Mfumo huo baadaye ulichukuliwa hata na Nepal, kule chini ya milima ya Himalaya, kwa bima yao ya taifa.

Lakini wahusika waliijua ile sentensi ya maneno matano. Kadi nzuri na dirisha tupu ni danganya toto. Bohari ya Dawa ilikuwa haiwezi kutimiza kila oda, na kituo kilipokosa dawa kilitakiwa kwenda kununua kwa wauzaji binafsi, kila kituo kivyake, kwa taratibu za manunuzi zenye barua na karatasi za bei nyingi. Mganga wa zahanati ya kijijini alisafiri hadi mjini kununua maboksi machache. Mnunuzi mdogo mwenye haraka hupewa bei ya mnunuzi mdogo mwenye haraka. Palikuwa na soko, palikuwa na wauzaji wengi, na bado mnunuzi alinyongwa, kwa sababu alikuja peke yake.

Mwaka 2014 halmashauri za mkoa wa Dodoma zikaungana. Zikatangaza zabuni moja kwa mkoa mzima: nani atatuuzia, kwa bei ya mkataba, dawa ambazo Bohari ya Dawa imekosa? Wauza dawa wakashindana, akapatikana mmoja. Mpango ukaitwa Jazia Mshitiri. Wapenzi wa lugha mtacheka kidogo, maana katika kamusi mshitiri ni mnunuzi, na huku amegeuzwa kuwa muuzaji. Lakini "jazia" limekaa mahali pake: Bohari inatangulia, inapobaki pengo mshitiri anajazia. Kituo kinapeleka oda kupitia halmashauri, kwa fedha zake chenyewe, na sehemu kubwa ya fedha hizo ni za bima.

Matokeo yamechapwa na watafiti waliofuatilia mpango. Upatikanaji wa dawa muhimu zilizotumika kama kipimo katika mkoa wa Dodoma ulipanda kutoka asilimia 69 mwaka 2014 hadi asilimia 94 mwaka 2018. Morogoro na Shinyanga zikafuata, kisha mpango ukaenezwa nchi nzima. Mwaka 2018 CHF Iliyoboreshwa nayo ikaanza kusambazwa kitaifa, kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita.

Angalia jinsi bima na ushindani vilivyoshikana mikono hapa. Bima ilileta fedha inayofika kabla ya ugonjwa, fedha ambayo kituo kinaweza kuipangia. Ushindani ukaifanya fedha hiyo inunue zaidi. Na waliogombana ni wafanyabiashara, mbele ya mnunuzi mmoja mwenye nguvu, mezani, mchana kweupe, kwa karatasi ambazo mkaguzi anaweza kuziomba. Mgonjwa hakuombwa awe hodari wa soko akiwa na homa ya nyuzi 40. Kazi ya kuchagua ilifanywa na watu wazima wenye afya, kabla yeye hajaugua. Hilo ndilo jibu la nyanda za kati nililolitaja mwanzoni.

Tembo wawili na nyasi

Natamani ningeishia hapo, lakini historia haina huruma kwa waandishi wanaopenda miisho mizuri.

Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kuwa serikali inahamia Dodoma kweli kweli. Watumishi wakaja na kadi zao. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa una watu milioni 2.08, na ile ya 2022 ikahesabu milioni 3.09. Mji ukapanuka, na wenye kadi ya mshahara wakawa wateja wa kugombewa. Mwenye kadi ya kaya vijijini hakugombewa na mtu. Pengo lile la 2001 kati ya mfanyakazi na mkulima likawa linaonekana ndani ya mkoa mmoja, kilometa chache tu kutoka Bungeni.

Mfuko wa Taifa nao ulikutana na tabia ya binadamu. Ulikuwa umefungua kadi ya watoto, Toto Afya, kwa shilingi 50,400 kwa mwaka, na mwaka 2019 ukaongeza vifurushi kwa watu binafsi. Kwa kuwa kuingia kulikuwa kwa hiari, wengi walisajili watoto waliokwisha kuugua. Ni hesabu ileile ya mkulima wa Igunga, na mzazi gani atalaumiwa? Machi 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasimamishwa, serikali ikieleza kwamba kadi ile ilikuwa inautafuna mfuko, na ikataka watoto wasajiliwe kupitia shuleni ili wazima na wagonjwa waingie pamoja.

Mwaka mmoja baadaye ikaja ya bei. Mfuko hulipa kwa kila huduma: kila kipimo na kila dawa ina bei yake kwenye orodha. Kwa malipo ya namna hii hospitali inayopima zaidi inalipwa zaidi, na huwezi kujua kirahisi kama kipimo cha nne kilikuwa cha lazima. Mfuko ukapanga upya bei na mafao, yaanze Machi 2024. Hospitali binafsi zikasema bei hizo hazilipi hata gharama. Tarehe 1 Machi 2024 baadhi ya hospitali kubwa za binafsi ziliacha kuwapokea wenye kadi za mfuko. Fikiria umekatwa mshahara tangu 2001, umefika mapokezi umeshika mtoto, unaambiwa kadi hii leo haifanyi kazi. Mazungumzo yakafuata, ndiyo, lakini siku zile wapiganapo tembo nyasi ziliumia. Kufunga bei kunasaidia ubora pale tu bei yenyewe inapomtosha mtoa huduma. Ikiwa chini mno, hospitali hukimbia, au hubaki na kupunguza kitu ambacho hukioni.

Majirani zetu Wakenya wanalijua hili. Mfuko wao wa hospitali ulioundwa mwaka 1966 ulifungwa Oktoba 2024, ukaja mwingine unaokata asilimia 2.75 ya kipato, na hospitali binafsi zikaanza kulia juu ya madeni. Hospitali isiyolipwa kwa wakati hailipi wauza dawa, na asiyelipa muuza dawa unajua sentensi itakayosemwa dirishani.

Kilicho mbele

Novemba 2023, hapahapa Dodoma, Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Wakati huo idadi iliyokuwa ikitajwa na serikali ya Watanzania wenye bima ya aina yoyote ilikuwa kama asilimia 15. Lengo la sheria ni kuwaingiza wote katika duara moja, mzima na mgonjwa, mwenye mshahara na mwenye shamba la mtama, na wasio na uwezo walipiwe. Kwa historia tuliyoipitia, nia hiyo ni sahihi. Duara dogo lilivunjika wakati wa Mtunya, likavunjika Igunga, likavunjika kwa Toto Afya.

Lakini historia hiyohiyo inatuachia maswali ya kuuliza, na sisi vijana tunaoshika kalamu tuyaulize kwa sauti. Dawa zitanunuliwa vipi na nani? Nani anaona karatasi za zabuni? Kituo kinalipwa baada ya siku ngapi? Bei za huduma zinapangwa na nani, na mtoa huduma na mgonjwa wanasikilizwa wapi? Haya si maswali ya kitaalamu ya kuwaachia wenye tai. Ni habari ya mama anayetoka na mtoto mgongoni, ameshika cheti cha dawa, akitafuta "nje" iko upande gani.

Mwandishi chipukizi unayelalamika huna cha kuandika, nenda kakae saa tatu kwenye benchi la zahanati iliyo karibu nawe. Hesabu wanaofika dirishani na wangapi kati yao wanaondoka na dawa mkononi. Andika tarehe juu ya karatasi yako, kisha rudi mwakani uhesabu tena. Hesabu hizo mbili zitakwambia sheria inafanya kazi au haifanyi, kabla ya ripoti yoyote kuchapwa.